Siku Niliyokataa Kuingia Mtoni

Makori mwanangu,

Mama yako ametoka hapa sasa hivi. Alisimama mlangoni mwa darasa, leso yake imelowa mvua, akasema, "Baba Makori, mwanao anasema kesho hapandi lori." Nikamuuliza kwa nini hukuja kusema mwenyewe. Akanitazama kana kwamba nimehamia Gusii juzi. "Aje akwambie nini? Kwamba hataki kwenda kusomea kiti cha baba yake?" Kisha akarudi jikoni, kwa maana nyumba imejaa shangazi zako na nyama bado iko motoni.

Basi nimebaki na taa ya mafuta na dawati la wanafunzi ambalo magoti yangu hayaingii chini yake, nakuandikia. Nimekasirika. Nakwambia mapema ili usije ukatafuta upole usiokuwamo. Nimelikasirikia baraza la kanisa, nimemkasirikia Bwana Miwani, nimejikasirikia mwenyewe, na tangu mama yako asimame pale mlangoni nimekukasirikia na wewe. Lori la misheni litafika asubuhi kukupeleka Kisumu kwenye treni. Mbele ya treni iko meli, na mbele ya meli kuna walimu wa theolojia Uingereza ambao wameshaandika jina lako. Na wewe umekaa huko umenuna kwa niaba yangu. Sikukutuma ununie mtu.

Mambo ya sweta, soksi na dawa ya tumbo mama yako ameyamaliza, na kisha ameyarudia. Sitayagusa. Nitaandika yale ambayo mimi na wewe hatuwezi kuambiana tukitazamana. Umekua ukijua kwamba baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwamba mwana haketi kitandani mwa baba yake, na kwamba kuna maneno ambayo yakianza kutajwa mbele ya wawili hao, mmoja lazima akumbuke kazi fulani huko nje. Sisi Abagusii tunayaita hayo yote chinsoni. Ni haya na heshima zikiwa zimefungwa pamoja, na sijapata neno moja la Kiswahili la kulitosha. Lakini kwa Kiswahili naweza kuandika. Ni lugha ya darasani. Nimeifundishia maisha yangu yote kwa sababu wanafunzi wetu wametoka kwa Waluo, Wakipsigis na Wakuria pamoja na sisi, na ndani yake ninakuwa mwalimu kabla sijawa baba. Kwa lugha ya nyumbani barua hii ingenishinda mstari wa kwanza.

Wewe unakijua chuo hiki cha wachungaji kikiwa na matofali na mabati. Mimi nilikikuta kikiwa banda la nyasi juu ya kilima, upande huu wa soko la Birongo, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Bwana Miwani ndiye aliyekianzisha. Jina lake la kwao lilishinda ndimi za watu, lakini miwani yake waliiona wote. Ni mtu mchapakazi, hilo simnyimi. Alifyatua matofali pamoja nasi hadi ngozi ya mikono ikambabuka, na jioni alinifundisha Kiyunani mimi peke yangu, kwa sababu niliomba. Nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza, kisha msaidizi, kisha mwalimu. Nilikuwa kijana, nimevaa viatu, na niliamini kila kitu alichokifanya baba yangu kabla ya misheni kufika ni giza tupu. Kwa jambo hilo nilikuwa mkali kuliko mzungu mwenyewe.

Bweni letu la kwanza lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vitanda vya miti pande zote mbili. Mwaka mmoja tulipokea wainjilisti waliokomaa, watu wenye wake na ng'ombe, tukawachanganya na vijana. Bwana Miwani aliwapanga vitandani kama majina yalivyofuatana. Mzee Nyangau wa Kiogoro alikuwa mmoja wao, ingawa wakati huo alikuwa mtu wa makamo tu, mwenye sauti ya kuhubiri iliyosikika hadi ng'ambo ya bonde. Akapewa kitanda kando ya kijana aliyemwoa binti yake. Baba mkwe na mkwe, bega kwa bega, wavue nguo hapo, walale hapo, waogee karai moja.

Jioni ile ile Nyangau alinifuata nyuma ya jiko. Aliniita Mwalimu, mimi niliyekuwa rika la mwanawe.

"Mwalimu, paa linavuja juu ya kitanda changu. Nihamishe."

Makori, nilijua. Mtoto anayechunga mbuzi angejua. Alikuwa amenifungulia njia ya sisi sote kupita bila mtu kutaja lolote, na mimi nilitakiwa kusema ndiyo, basi. Lakini nilikuwa nimeshiba masomo. Nikachukua ngazi, nikapanda mbele ya bweni zima, mkwe wake akiwa hapo, nikaingiza mkono kwenye nyasi nikapapasa. "Pakavu kabisa," nikatangaza kutoka huko juu. "Hapavuji." Watu walitazama chini. Nyangau akasema asante. Akalala jikoni kwenye majivu kwa siku chache, kisha asubuhi moja hatukumwona, alikuwa amerudi Kiogoro kwa miguu. Bwana Miwani alisema mtu yule hana uvumilivu, na mimi nikaitikia.

Sikuishia hapo. Nilitunga somo. Niliandika kwamba Mkristo hana haya ya kipagani baina ya mzazi na mkwewe, kwa kuwa katika Bwana wote ni ndugu. Somo likapigwa chapa pamoja na mengine ya chuo, likasomwa kila mwaka na kila darasa, na mimi nilifurahi sana kuona jina langu limeandikwa chini yake. Nimeshasahau mahubiri mengi mazuri niliyowahi kutoa. Hilo sijaweza kulisahau.

Aliyenibadilisha hakuwa mwanachuoni yeyote. Ni wewe. Ulipotahiriwa ukatoka ndani ulikotengwa hadi upone, uliacha kukaa kitandani mwangu. Hakuna aliyekwambia, angalau si mimi. Ulikuwa ukija kila jioni, unalala pale miguu ikining'inia, unaniuliza habari za Daudi na Goliathi, na ghafla ukawa unasimama mlangoni na kusubiri. Kwa somo langu mwenyewe nilitakiwa kusikitika kwamba mwanangu bado ana mambo ya kale. Nikakuta nimependa tu. Nilijiona nimekuwa baba wa mtu. Nikaanza kujiuliza, kama hili ni giza, mbona limenifanyia hivi?

Wakati huo vita vya pili vya wazungu vilikuwa vimeanza, Bwana Miwani ameondoka kwenda kuwahubiria askari, na chuo kimebaki mikononi mwangu. Waliniita kaimu. Nilikaa kaimu hadi vita vikaisha, na sijui mtu awe kaimu muda gani ndipo apewe jina lake kamili. Nilirudi kwenye habari ya Nuhu, niliyokuwa nikiifundisha kama onyo juu ya ulevi. Safari hii niliwaangalia wanawe. Mmoja anamwona baba yake uchi anatoka kutangaza. Wawili wanachukua nguo, wanatembea kinyumenyume ili wasione, wanamfunika. Niliposimulia hivyo darasani wainjilisti wazee waliacha kuandika wakanitazama. Mmoja wao alisema polepole, "Kumbe walikuwa na chinsoni." Siku ile ndiyo niliyohisi kwa mara ya kwanza kwamba mimi ni mwanatheolojia, wala si mkalimani wa mzungu.

Nilijenga vibanda vidogo nyuma ya bweni kwa ajili ya watu wazima, kisha nikashuka Kiogoro kumtafuta Nyangau. Nilimkuta akipalilia migomba. Sikujua nianze vipi, nikamwambia tumejenga vibanda vipya, arudi amalize masomo.

"Vinavuja?" akaniuliza.

"Sana," nikasema.

Alicheka hadi akaegemea jembe. Akarudi, akamaliza, na leo ni mzee wa kanisa anayekaa barazani. Miaka ile ndiyo iliyokuwa mizuri katika kazi yangu yote. Sikuwa na vitabu, chaki tulichonga kwa jiwe jeupe la huko Tabaka, sabuni tulisahau inavyonukia, lakini watu wazima walisoma bila kudhalilishwa, na wachungaji unaowaona leo kutoka Ogembo hadi Nyamira wengi walipitia vibanda vile.

Bwana Miwani aliporudi alishukuru sana kwa kazi niliyofanya. Kisha akavibomoa. Alisema vinaharibu mpango wa kiwanja. Nilimweleza, akanisikiliza kwa adabu kama anavyowasikiliza watu wote, akapanda maua pale.

Lakini nilibaki, nikafundisha chini yake tena, kwa sababu aliniahidi kwamba akistaafu kiti ni changu. Aliniambia mara nyingi. Mwaka juzi akaniambia wakati umefika, baraza litathibitisha, na kabla ya hapo ingefaa nibatize darasa zima la waliojiandaa kwa ubatizo mbele ya wageni wa misheni ili wanione. Katika darasa hilo alikuwamo Kwamboka, mke wako.

Sasa nitaandika kama mwalimu, nawe usome kama mwanafunzi. Kanisa letu linazamisha. Mchungaji anaingia mtoni hadi kiunoni, anamshika mtu mgongoni na kifuani, anamlaza majini, anamwinua. Joho la ubatizo ni la marekani, kitambaa cheupe cha pamba, na likilowa unajua linavyokuwa. Nilitakiwa kumshika hivyo mke wa mwanangu, mbele ya watu wa kilima kizima. Sikuwa nimezubaa. Nilikuwa nimepanga na mchungaji wa Ogembo aje ambatize yeye, nasi tungepita kimya kimya kama watu wazima. Asubuhi ile mvua ikanyesha huko kwao, gari alilopanda likakwama kwenye tope, hakufika.

Nilibatiza wote. Akabaki yeye, amesimama kwenye nyasi, amejifunika shuka juu ya joho, kichwa chini. Na wewe ng'ambo ya maji, kichwa chini pia. Nikatoka mtoni.

"Mchungaji," Bwana Miwani akaniita, "bado mmoja."

"Nina kikohozi, Bwana."

"Kikohozi? Umebatiza watu wote hawa."

"Kimenianza sasa."

Akanijia pale ukingoni, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya wageni, mbele ya mama yako. Akatulia kidogo akipima. "Huna homa," akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema. "Ingia tu."

Nilihisi mkono ule, nikaona mkono wangu mwenyewe ndani ya nyasi za bweni. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia siingii. Akaniuliza kwa nini, nikarudia kwamba siingii. Basi akavua miwani, akamkabidhi mgeni mmoja, akaingia yeye mwenyewe na viatu vyake, akambatiza. Alifanya kwa heshima, sina lawama hapo. Jioni nilikuwa nimekaa nje, Kwamboka akapita mbali kidogo kama kawaida yake, Moraa wenu akiwa amemshika mkono, na nikamsikia akimwambia mtoto, "Mwambie babu mama amesema asante." Mtoto akanijia mbio kunipa ujumbe ambao nilikuwa nimeshausikia. Nilimpakata nikamwambia ampelekee mama yake kwamba babu amepata.

Baraza lilikutana baada ya siku chache. Bwana Miwani hakuja na hasira, angekuja nayo ningejua la kufanya. Alikuja na masomo yetu yaliyopigwa chapa, akanifungulia mahali.

"Maneno haya yaliandikwa na nani?"

"Na mimi."

Akayasoma yote, kwa Kiswahili chake kile cha kukanyaga kila neno. Kwamba Mkristo hana haya ya kipagani baina ya mzazi na mkwewe. Kwamba wote ni ndugu. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama mtu anayeandika hivi na kutenda vile anaweza kuwalea wachungaji. Nilijaribu. Nilimweleza kwamba niliandika nikiwa kijana na nilikosea. Nilianza habari ya Nuhu, nikaona wageni wanatazamana, mmoja akasema hayo ni mambo ya Agano la Kale. Nikawageukia wazee wetu. Niliwauliza, mnijibu ninyi, nilichofanya mtoni kilikuwa kibaya?

Walinyamaza. Wote, Makori. Watu wasiokubali kupita njia moja na mama wakwe zao, watu wanaokohoa hatua mia moja kabla ya kufika nyumbani kwa wana wao, walitazama dari kama wanaotafuta buibui. Nyangau naye. Ikapitishwa kwamba kiti kisubiri kijana aliyesoma zaidi, asiyefungwa na mambo ya kale.

Nilimfuata Nyangau njiani kuelekea Birongo, nikamkamata mkono. "Wewe," nikamwambia, "wewe kuliko wote!"

"Ulitaka niseme nini?" Alikuwa ameumia, niliona. "Nisimame mbele ya wazungu nitaje nguo ya mke wa mwanao ikilowa? Nikitaja hayo nimekutetea au nimekuvua?"

Nikamwachia mkono, nikakasirika zaidi. Jambo lenyewe nililolitetea ndilo lililowafunga midomo. Walinyamaza kwa kuniheshimu, nami nikapoteza kazi kwa heshima yao. Sijui niwashukuru au niwapige. Hadi leo nikimwona Nyangau nakumbatiana naye kwanza, halafu nakasirika nikifika nyumbani.

Na wewe pia ulinyamaza. Siku ile mtoni wewe ndiwe uliyekuwa na Kiingereza kuliko sisi sote. Ungeweza kumvuta Bwana Miwani pembeni ukamweleza kwa lugha yake. Najua hukuweza. Habari ilikuwa ya baba yako na mke wako, ulikuwa umefungwa kuliko mtu yeyote pale. Nimejiambia hivyo mara nyingi na ninaamini. Lakini nilikuangalia, Makori. Nilikuangalia ng'ambo ya maji nikingoja.

Halafu Jumapili iliyopita yule yule mzungu, kwa moyo mweupe kabisa, anakusimamisha kanisani, anakuwekea mkono begani, anatangaza kwamba unakwenda kusoma na ukirudi utakuwa mkuu wa chuo wa kwanza wa kwetu. Kisha ananiomba mimi niwaongoze kuomba. Nikaomba. Wanawake walipiga vigelegele, Nyangau akalia, na mimi nikasema Amina. Nilipofungua macho ulikuwa unanitazama, na hapo nikajua utafanya upuuzi. Leo umefanya. Unataka kukataa ili ulipe ile siku ya mtoni.

Sikiliza vizuri. Asubuhi ya leo, kabla mvua haijaanza, nilikwenda kwa Bwana Miwani. Nilimwomba anihamishe nikachunge kanisa la Ogembo. Akashtuka. "Lakini hutafurahi kufanya kazi na mwanao?" Nilichoka, mwanangu. Nilichoka na paa na kikohozi. Nikamwambia kila kitu kwa Kiswahili chepesi: kwamba mwana hawezi kumkemea baba yake mbele ya watu, kwamba chuo chenye mwalimu asiyeweza kukemewa kitaharibika, kwamba ile nyumba ya mkuu, niliyofyatua matofali yake, ikishakuwa yako sitaweza kuikanyaga tena hadi nife. Nikamwambia na ya mtoni. Niliyataja yote, marekani na maji. Masikio yangu yaliwaka moto.

Akavua miwani akaifuta. Macho yake bila miwani ni ya mzee, sikuwa nimegundua. Akasema, "Mchungaji, kwa nini hukuniambia hivi miaka yote hii?"

Nilimwambia! Nilimwambia kuhusu vibanda, nilimwambia barazani, nilimwambia kwa Nuhu! Lakini nilipotembea kurudi, nikiwa bado na hasira, niliona kwamba yote niliyomwambia yalikuwa yamevikwa nguo. Mgusii yeyote angeyaona maungo chini yake. Yeye aliona nguo tu. Kumtaka aone zaidi ilikuwa haki yangu, na hata hivyo haikunisaidia kitu. Hilo silisemi ili likufurahishe, halinifurahishi mimi.

Alikubali ombi langu. Mwezi ujao tunahamia Ogembo, na mama yako ameshaanza kulalamikia udongo wa huko ambao hajauona. Kwa hiyo hakuna kiti cha kunilindia. Ukikataa kesho hutakuwa umemrudishia baba yako kitu chochote. Watamleta mtu kutoka ng'ambo asiyejua kwa nini mzee mzima analala jikoni, na wainjilisti wataendelea kurudi nyumbani kwa miguu alfajiri. Hilo ndilo utakalokuwa umelinunua kwa kununa kwako.

Sina mawaidha mengi. Mzee akikujia akasema kitanda kinavuja, hamisha kitanda. Na mzungu, au yeyote mwenye kalamu ya kuamua, akikuuliza barazani jambo ambalo kwetu halitajwi, litaje. Litaje wewe, kwa ajili ya mtu aliye mbele yenu asiyeweza kulitaja, hata kama mtu huyo atakuchukia mwaka mzima. Sisi tulishindwa. Wewe umeshasoma barua ya baba yako yenye mambo haya yote ndani yake na bado umekaa kitini, kwa hiyo utaweza.

Lile somo langu, ukishakuwa mkuu, lifute. Usiliandikie maelezo ya kunitetea. Lifute.

Wanakuja kuniita kula. Nimesikia sauti ya shangazi yako mkubwa, na huyo hasubiri. Barua hii mama yako atakupa usiku huu. Usinijibu, na kesho usiniulize lolote juu yake. Tutasalimiana mbele ya watu kama kawaida, nitauliza kama umefunga sanduku vizuri.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mama yako wala Mungu, ingawa huyo nadhani amelisikia. Watu wakiniuliza kuhusu kiti kile huwa nasema ni mzigo, ni utumishi tu, yeyote apewe. Wananisifu kwa unyenyekevu. Ni uongo. Nilikitaka. Nilikitaka tangu nikiwa kijana mwenye viatu vipya, nilikitaka miaka yote ya ukaimu, na hata Jumapili ile, mkono wa mzungu ukiwa begani mwako na mdomo wangu ukikuombea, nilikitaka. Nakitaka hata sasa ninapoandika. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningeweza kuvumilia kumwona amekikalia.

Panda lori, Makori.

Baba yako